Nilikuja Karamoja na amani tele, sasa siioni

Mkunga wa Bombo
Jumapili, saa nne usiku

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mkunga, nina miaka 31. Nimezaliwa na kukulia Bombo, mji wa kambi ya jeshi, baba yangu alikuwa askari, na jeshini kwetu wanasema Kiswahili, kwa hiyo Kiswahili ndicho nilichoanza nacho kusema na ndicho ninachotumia kusali hadi leo. Nawaandikia kutoka wilaya ya Kotido, huku Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, kwenye kituo kidogo cha afya cha kanisa. Nilifika Januari.

Mwaka jana mchungaji wetu alitangaza ibadani kwamba kituo hiki hakina mkunga. Mwili ulinisisimka pale pale kwenye benchi. Nikafunga siku saba. Siku ya mwisho nilikuwa nimepiga magoti jikoni kwa mama, sufuria ya maharage inachemka, na amani ikanishukia kama mtu aliyenitua ndoo kichwani. Sijawahi kuonja kitu kama kile. Kesho yake nikaenda kuaga kazini kwenye kliniki niliyokuwa. Mama alilia. Baba hakusema mengi, alisema tu askari akiitwa haulizi kambi iko wapi, akanipa blanketi lake la jeshi ambalo hata mimi mtoto wake sikuwahi kuruhusiwa kulikalia.

Amani ile nilisafiri nayo. Tumepita Soroti, tumepita Katakwi, nyumba zinazidi kuachana, na mlima wa Moroto ulipoanza kuonekana nilikuwa naimba kwenye basi, wenzangu wananitazama.

Sasa niwaambie kilichotokea mwisho wa Machi.

Mvua ya kwanza ya mwaka ilianza jioni. Mama anayefanya usafi hapa kituoni, ambaye ndiye mkalimani wangu kwa kila kitu, aliwahi kwenda nyumbani kabla njia haijajaa maji. Saa mbili akaja mjamzito, uchungu umekwisha kushika, amesindikizwa na kasichana ka miaka kumi hivi. Kasichana kakalala kwenye korido. Tukabaki wawili, mimi na yeye, na taa ya sola. Alitaka kupiga magoti chini, mimi nikamlaza kitandani kama nilivyofundishwa. Nikaweka kipembe tumboni kusikiliza moyo wa mtoto, na kwa ile mvua juu ya mabati ilinibidi nizibe sikio la pili kwa kidole ndipo nisikie. Moyo ulikuwa mzuri.

Usiku kucha alikuwa anasema neno moja. Ngakipi. Kwanza kwa sauti, halafu kwa kunong'ona, ananishika mkono. Ngakipi, ngakipi. Mimi nilidhani anasema anaumia, au anamwita Mungu. Nikawa namjibu kwa Kiswahili, vumilia mama, vumilia, karibu tunamaliza. Nikampangusa jasho. Nikamwombea kwa sauti.

Saa kumi na moja alfajiri alijifungua mtoto wa kike, akalia vizuri. Nikamshukuru Mungu. Saa moja mama wa usafi akaja, wakazungumza kidogo, kisha akanigeukia. "Anasema usiku mzima alikuwa anakuomba maji."

Jerikani ya lita 20 ilikuwa mlangoni, imejaa. Hatua tatu kutoka kitandani.

Nilimpa. Alikunywa vikombe vitatu mfululizo bila kuinua macho.

Najua hakuna aliyekufa. Wakunga wenzangu mmeona makubwa kuliko haya, na nimeona haya hata kuandika. Lakini tangu siku ile nikipiga magoti nasikia lile neno. Siwezi kusali zaidi ya dakika mbili. Sina usingizi, posho, yaani ugali, hainishuki. Na juzi ile kliniki ya zamani wamenipigia, nafasi yangu bado iko wazi.

Ndugu zangu, ninachouliza ni hiki. Ile amani ndiyo iliyonihakikishia kwamba nimeitwa. Sasa imeondoka. Je, Mungu ananiambia nilikosea, nirudi? Na kama sikukosea, ninyi mliotumwa ugenini mliipataje tena?

---

Mteule Kyangwali
Jumapili, saa tano usiku

Pole sana dada. Mimi ni kijana wa kwaya hapa Kyangwali, kwenye makazi ya wakimbizi, nilikuja kutoka Kongo nikiwa mtoto, kwa hiyo ugeni naujua.

Nitasema ninavyoamini. Wakolosai 3:15, amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu. Iamue! Maana yake amani ni refa. Refa akipiga filimbi, mpira unasimama, hakuna mjadala. Ulipokuwa na amani, Mungu alisema nenda. Amani imetoka, Mungu anasema basi. Hakuna aibu kurudi Bombo, umetumikia miezi minne, thawabu yako ipo. Usijilazimishe mahali ambapo Roho amekwisha kuondoka.

---

Mama Kambi, Arua
Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Mteule mwanangu, polepole. Nimesoma ujumbe wako kabla ya chai na nimeshindwa kunyamaza.

Dada yangu mkunga, mimi ni mke wa askari. Miaka 22 ya ndoa, nimehama mara saba, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa huko huko Karamoja. Kabla sijakupa andiko lolote nakuuliza: umelala lini usiku mzima? Umesema mwenyewe, huna usingizi, chakula hakishuki. Mkunga mmoja, kituo kizima, usiku na mchana. Unajua Eliya alipokaa chini ya mretemu akaomba afe, malaika alimfanyia nini? Hakumhubiria. Alimwamsha akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akamwamsha mara ya pili, kula, maana safari ni kubwa mno kwako. Sauti ile ndogo ya utulivu ilikuja baadaye sana, kwenye Horebu, baada ya mwendo wa siku arobaini. Sisi tunataka sauti ya Horebu tukiwa na njaa ya chini ya mretemu.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba msimamizi wako siku mbili, hata kama ni kwa kuwapeleka wajawazito kituo kingine siku hizo. Zungumza naye wazi, usimwambie nimechoka kidogo, mwambie silali. Ulale. Ule mtama wa huko, posho ya mahindi mkoani kwenu utaikuta ukirudi likizo.

Jambo la pili. Unasali na nani? Umeeleza mchungaji, mama, baba, wote wako Bombo. Huko uliko ibada ni kwa Ngakarimojong, lugha ya wenyeji, na nadhani unakaa nyuma unatabasamu tu bila kuelewa. Nilifanya hivyo mwaka mzima, na moyo ulinyauka. Tafuta kambi ya jeshi iliyo karibu, karibu kila kambi ina ibada ya Jumapili, na ni kwa Kiswahili. Panda boda uende hata mara moja kwa mwezi. Siku nilipoingia kwenye ile ibada ya Moroto nikasikia mtu anaomba kwa Kiswahili cha kambini, kile kile cha utotoni mwako, nililia mpaka mke wa kapteni akanipa leso yake. Sikuwa na huzuni. Masikio yalikuwa na njaa.

Kuhusu kurudi au kubaki, sitakuamulia. Ila usiamue ukiwa hujalala.

---

Mzee wa Bwera
Jumatatu, saa tatu usiku

Amani iwe kwenu nyote. Mimi ni mwalimu wa kanisa mstaafu, Mkonzo, naandika kwa kuwa mjukuu wangu ananishikia simu na kunisahihishia.

Kijana wa Kyangwali, umenukuu vizuri lakini umeishia katikati. Soma mstari wote. Amani ya Kristo iamue mioyoni mwenu, ndiyo mliyoitiwa katika mwili mmoja. Soma na mistari iliyotangulia: mvumiliane, msameheane, jivikeni upendo. Paulo aliwaandikia watu wanaokaa pamoja na kukoseana. Amani anayoitaja ni ile inayoamua kati ya mtu na mtu. Tumeifanya kipimajoto cha kubandika kifuani kila asubuhi, leo iko juu, leo imeshuka.

Binti yangu, hapa kwetu Bwera mtu akisimama kilimani anaiona Kongo. Nyuma ya milima hii, upande wa pili, iko Mboga, alikokwenda mwinjilisti Apolo Kivebulaya mwaka 1896. Alikuwa Muganda, amebatizwa mwaka mmoja tu nyuma yake. Walimu wawili waliomtangulia walikuwa wamegombana na mtawala wa huko mpaka wakanyimwa chakula wakaondoka. Apolo akaenda. Naye alipigwa. Dada wa yule mtawala alianguka juu ya mkuki akafa, Apolo akasingiziwa, akaletwa amefungwa mpaka Fort Portal na akawekwa gerezani. Alipoachiwa alirudi Mboga. Mwenyewe alisimulia kwamba Yesu alimtokea usiku aking'aa kama jua, akamwambia aende akahubiri msituni kwa kuwa Yeye yu pamoja naye. Sasa jiulize, kama angepima wito wake kwa utulivu wa moyo, siku ile yuko kwenye kamba angesemaje? Alifariki huko huko tarehe 30 Mei 1933, na aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, kinyume na desturi, kwa sababu kazi ilikuwa bado iko huko.

Mimi si Apolo. Mwaka 1994 nilitumwa Bundibugyo, upande wa pili wa milima ya Rwenzori, mke wangu akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Mwaka wa kwanza nilipanda maharage tu. Watu walinipa shamba, wakaniuliza, mwalimu, mbona hupandi kakao kama sisi? Nikawajibu nitapanda. Sikupanda. Maharage yanakomaa kwa miezi mitatu, mtu anavuna anaondoka, na mimi moyoni nilikuwa nimefunga mizigo. Kakao inakusubirisha miaka mitatu, minne, ndipo uone tunda. Nilikuwa nahubiri Yeremia 29, jengeni nyumba mkakae ndani yake, pandeni bustani mkale matunda yake, na nyuma ya kanisa shamba langu linanisuta. Msimu wa tatu jirani mmoja, mzee kuliko mimi, alikuja asubuhi na miche sita kwenye karai. Hakusema kitu. Akaanza kuchimba mashimo. Nikachukua jembe nikachimba naye. Kama unataka kujua amani yangu ilirudi lini, ilikuwa siku ile, na wala sikuwa nasali.

Sasa nikuulize jambo ambalo hakuna aliyekuuliza hapa. Umeeleza habari ya yule mama vizuri sana, mpaka nimemwona. Umetuungamia sisi. Umemwungamia Mungu, nadhani mara nyingi. Yeye mwenyewe, umemwomba msamaha?

---

Mteule Kyangwali
Jumatatu, saa nne usiku

Mzee, nimesoma sura yote sasa. Ni kweli, niliishia katikati, asante kwa kunirudi. Dada, nisamehe kama nilikuharakisha.

Lakini mzee, nina swali la kweli. Je, hakuna siku Mungu anamwambia mtu aondoke? Wazazi wangu waliondoka Kongo. Wangebaki, mimi nisingekuwepo.

---

Mzee wa Bwera
Jumanne, saa moja asubuhi

Ipo, mwanangu, na wazazi wako walifanya vema. Mimi mwenyewe mwaka 1997 vita vya waasi vilipoingia Bundibugyo nilimbeba mtoto mgongoni tukakimbia na watu wote. Sikusubiri kusikia amani wala kukosa amani, nilisikia risasi. Yusufu alipoambiwa ampeleke mtoto Misri aliondoka usiku ule ule. Tuliporudi nyumba haikuwa na paa. Ile miche ilikuwa imefika kiunoni, imezingirwa na magugu.

Ila binti huyu hafukuzwi na risasi. Hayo mawili tusiyachanganye.

---

Mkunga wa Bombo
Jumanne, saa mbili usiku

Asanteni wote. Mama Kambi, nimezungumza na msimamizi. Amenipa Alhamisi na Ijumaa, na ameahidi kuomba mkunga wa pili, ingawa ahadi hiyo naipokea kwa imani. Nimeona haya kwamba ulijua nakaa nyuma natabasamu. Ndivyo ninavyofanya kila Jumapili.

Mzee wangu, swali lako limenikosesha usingizi kwa namna nyingine. Hapana. Sijamwomba msamaha. Aliondoka siku ile ile mchana, na kusema kweli nilifurahi alipoondoka, kwa sababu nilikuwa siwezi kumtazama. Nimemwomba Mungu msamaha labda mara mia. Yeye hata mara moja. Na sina lugha ya kumwomba.

---

Mama Kambi, Arua
Jumanne, saa tatu usiku

Lugha ya kumwomba unayo. Neno moja unalo tayari.

Na mtoto atarudi kwa chanjo ya wiki sita. Hesabu tarehe.

---

Mkunga wa Bombo
Jumamosi, saa kumi na mbili jioni

Wapendwa, nimekaa nje ya nyumba yangu na blanketi la baba mabegani, kuna baridi kidogo baada ya mvua. Mtandao unakuja na kuondoka, kwa hiyo nikikatika mjue.

Siku mbili za mapumziko nililala. Ijumaa asubuhi nilipoamka nilikwenda kwa bibi mmoja hapa kijijini, mkunga wa jadi, ambaye wamama wengi bado wanajifungulia kwake. Nilikuwa namwogopa. Nilidhani ananiona nimekuja kumnyang'anya kazi. Mama wa usafi alinisindikiza. Bibi akanikalisha kwenye kigoda chake, akauliza kwa nini kule kituoni tunawalaza wanawake chali kama wagonjwa. Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa. Akapiga magoti chini kwenye vumbi, mwenyewe, na magoti yake ya uzee, akashika nguzo ya nyumba, akanionyesha jinsi mama anavyokaa na yeye anavyokaa nyuma yake kumshika kiuno. Kisha akaniambia kila mwanamke anayekuja kwake hupewa kwanza kitu cha kunywa, hata kabla hajaulizwa uchungu umeanza lini. Alisema hivyo bila kujua lolote kuhusu ule usiku. Au labda alijua, hapa habari hazifichiki. Nimeomba aje kituoni wiki ijayo, na nimetafuta godoro dogo la kuweka sakafuni.

Nimeandika maneno 40 kwenye daftari. Maji, maziwa, maumivu, bado, sasa, pole. Kila asubuhi mama wa usafi ananisikiliza kabla hatujafungua mlango.

Leo ilikuwa siku ya chanjo. Wamama walianza kufika saa tatu, wengine wametembea tangu alfajiri. Nilimwona kutoka mbali, amemfunga mtoto mgongoni kwa ngozi, shanga zake za bluu na nyekundu nazikumbuka vizuri. Moyo ulinidunda. Nikaacha sindano, nikaenda kwenye jerikani, nikachota kikombe. Sikutaka mkalimani. Nikamwendea pale kwenye foleni mbele ya watu wote, nikapiga magoti kama tunavyomwamkia mtu mzima kwetu, nikampa kikombe kwa mikono miwili, nikasema ngakipi. Halafu nikasema lile neno la pole nililojifunza, na sauti ikakatika hapo.

Alinitazama kwa muda. Kisha akacheka. Si kicheko kibaya, mzee, alicheka mpaka mtoto mgongoni akaamka. Akageuka akawaambia wenzake kitu, nao wakacheka, na mama mmoja akanishika bega akaninyanyua. Mama wa usafi alikuwa amekwisha kukimbilia pale, akaniambia, "Anasema unalitamka kama mtu ana kiazi cha moto mdomoni. Ndiyo maana hamkuelewana."

Akanywa nusu. Akanirudishia kikombe, akaashiria na mimi ninywe. Nikanywa. Kisha akanikamata kidevu kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika mtoto, akasema lile neno polepole, akasubiri. Nikasema. Akatikisa kichwa. Nikasema tena. Mara ya tatu akakubali, akamfungua mtoto mgongoni akanipa nimshike. Wamempa jina linalotokana na mvua.

Wale wa kliniki ya zamani nimewaambia wasinitarajie kabla ya Desemba.

Mama Kambi, kesho naenda na boda kwenye ibada ya kambini. Nitachelewa kuwajibu.